Kutafuta mimba baada ya saratani ya ovari: anza na faili lako

Miaka mitatu baada ya kemo yangu ya mwisho, daktari mmoja pale Upper Hill, Nairobi, aliniuliza swali jepesi: "Walikutoa nini?" Nikakosa jibu. Nilijua nilipasuliwa, maana kovu ninalo, linaanzia juu ya kitovu mpaka chini kabisa. Nilijua uvimbe ulikuwa kama nanasi, kwa sababu muuguzi wa zamu alinionyesha kwa mikono. Lakini kama ovari moja ilibaki, kama mrija wake ulibaki nayo, kama nyumba ya uzazi iliguswa, hayo sikuyajua. Nilikuwa nimetembea na "mimi sizai tena" miaka mitatu mizima, na sikuwa na karatasi hata moja iliyosema hivyo.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na vyakula wala mizizi wala maombi, ingawa niliombewa sana na ninashukuru. Unaanza na karatasi.

Kama bado hujatibiwa

Kama umeambiwa una saratani ya ovari na bado hujapasuliwa, simama hapa kwanza. Mwambie daktari kwa maneno yaliyo wazi: "Nataka kuzaa baadaye." Usisubiri akuulize, hasa kama huna mume au tayari una mtoto mmoja, kwa maana wengi hudhani wewe umeridhika. Uliza kama inawezekana kutoa upande mmoja tu na kuacha nyumba ya uzazi na ovari ya pili. Uliza kama kuna nafasi ya kugandisha mayai kabla ya kemo. Kazi hiyo huchukua takriban wiki mbili za sindano, na si kila mgonjwa ana wiki mbili za kungoja. Ukisikia habari za kugandisha kipande cha ovari ili kirudishwe baadaye, ujue kwa saratani ya ovari yenyewe madaktari huiogopa njia hiyo, kwani kipande kinaweza kurudi mwilini kikiwa kimebeba seli za ugonjwa.

Hatua ya 1: Tafuta karatasi zako zote

Rudi hospitali ulikopasuliwa, nenda dirisha la rekodi ukiwa na kitambulisho na namba ya faili. Kadi ikiwa imepotea, namba ya simu uliyojiandikishia na tarehe ya kulazwa husaidia. Fika mapema. Faili la zamani mara nyingi hutafutwa kwa mkono, na karani anayekwambia "njoo kesho" hana ubaya nawe, nenda kesho. Mimi nilienda mara nne. Mara ya tatu niliambiwa faili "limehama", mara ya nne likawa limerudi, na hakuna aliyenieleza lilikuwa safari ya wapi. Ukizungushwa kupita kiasi, sema kwa upole kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako mwenyewe. Andika ombi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Unatafuta vitu vinne:

- Ripoti ya upasuaji: nini kilitolewa, nini kilibaki, daktari aliona nini tumboni.
- Ripoti ya patholojia: aina ya saratani, na steji yake (si ile ya matatu).
- Karatasi ya kemo: majina ya dawa, kiasi, mizunguko mingapi, na tarehe ya dozi ya mwisho.
- Majibu ya damu ya kufuatilia ugonjwa: CA-125, AFP, hCG, LDH au inhibini, kulingana na aina yako.

Kila ukurasa upige picha, ujitumie kwa barua pepe. Simu inaweza kuchomolewa mfukoni Muthurwa saa kumi na mbili jioni, lakini barua pepe itabaki.

Hatua ya 2: Jua ni kipi kilichobaki

Hapa ndipo wanawake huchanganywa na ushauri wa mitaani, maana kila mmoja anasimulia tumbo lake. Binamu yako alizaa baada ya saratani ya ovari. Jirani yako hakuzaa. Na hakuna aliyesema uongo.

Ukibakiwa na ovari moja na nyumba ya uzazi, njia ya kawaida bado iko wazi. Ovari moja inaweza kutoa yai kila mwezi, haihitaji kupokezana na mwenzake aliyeondoka. Hata mrija wa upande wa pili, kama upo, una uwezo wa kulidaka yai lililotoka upande huu. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote niliyofundishwa.

Ovari zote mbili zikiwa zimetolewa na nyumba ya uzazi ipo, huna mayai yako, lakini unaweza kubeba mimba. Kama uligandisha mayai au viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) kabla, hivyo ndivyo vitatumika. Kama hukugandisha, kuna yai la kuchangiwa na mwanamke mwingine, lirutubishwe kwa mbegu za mumeo, na nyumba ya uzazi iandaliwe kwa homoni. Kabla hamjalipa chochote, zungumzeni na dhamiri zenu. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu yai au mbegu ya mtu wa tatu, na Kanisa Katoliki linaikataa IVF yenyewe, yaani kurutubisha yai nje ya mwili. Afadhali kikao na sheikh au padri kifanyike leo kuliko baada ya mtoto kuzaliwa.

Nyumba ya uzazi ikiwa imetolewa na ovari ikabaki, mayai ni yako, ila tumbo litakuwa la mwingine, yaani mwanamke atakayekubebea mimba. Hilo linahitaji wakili wa mambo ya familia tangu siku ya kwanza, kabla hata ya daktari.

Vyote vikiwa vimetolewa, kuna kuasili mtoto, ambako kunasimamiwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Saratani yako itaulizwa kwenye ukaguzi wa afya. Barua ya daktari inayosema hali yako ilivyo sasa ina uzito, basi iombe mapema.

Kama hukuwa umefika umri wa kukoma hedhi na ovari zote zimetolewa, uliza pia juu ya homoni za kurudishia, hata kama huna mpango wa mtoto. Mifupa na moyo huzihitaji. Kwa aina fulani za uvimbe haziruhusiwi, kwa hiyo swali ni la daktari wa saratani, si la duka la dawa.

Hatua ya 3: Soma aina ya saratani na majina ya dawa

Saratani ya ovari ni jina la magonjwa kadhaa. Ule uvimbe unaoanzia kwenye seli za mayai huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na mara nyingi hutibiwa kwa kutoa upande mmoja na kuacha mwingine, hata ukiwa umeenea kidogo. Kemo yake ya kawaida huitwa BEP: bleomycin, etoposide na cisplatin. Mimi nilikuwa wa kundi hili. Kuna uvimbe wa mpakani, usio saratani kamili, ambao mara nyingi hauhitaji kemo kabisa. Halafu kuna saratani ya ngozi ya juu ya ovari, inayowapata wengi zaidi kadiri umri unavyopanda. Hiyo, kuacha upande mmoja hufikiriwa ikiwa imegunduliwa steji ya kwanza tu, na si kwa kila mtu.

Dawa nazo hazilingani. Carboplatin na cisplatin hupunguza akiba ya mayai kwa kiasi. Cyclophosphamide huipunguza zaidi. Umri huamua mengi: msichana wa miaka 20 huingia kwenye kemo na akiba kubwa kuliko mama wa miaka 38, hata wakipewa dawa ileile.

Kwa wale waliopata saratani ya ngozi ya juu ya ovari, uliza kuhusu kupimwa BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya ovari na ya matiti. Kasoro ikiwepo, kila mtoto wako ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Dada zako pia wanahusika. Uliza sampuli inapelekwa wapi, majibu yanachukua muda gani, na nani atakaa nawe kuyaeleza.

Hatua ya 4: Ngoja, na wakati unangoja, jikinge

Hedhi inaweza kupotea wakati wa kemo na kurudi baada ya miezi michache, au hata baada ya mwaka. Yangu ilirudi mwezi wa tano, nikafurahi kama msichana wa darasa la saba. Lakini kuona siku hakuthibitishi kwamba una mayai ya kutosha, na kutoziona hakuthibitishi kwamba huwezi kushika mimba. Yai la kwanza hutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Wako waliobeba mimba wakiwa wanangoja siku zao.

Kwa nini kungoja? Sababu ni mbili. Yai huchukua miezi mingi kukomaa, na yale yaliyokuwa yakikua wakati dawa zinapita mwilini ni bora yaondoke. Ndiyo maana wengi huambiwa wasishike mimba kabla ya miezi 6 tangu dozi ya mwisho. Sababu ya pili ni ugonjwa wenyewe. Kwa aina nyingi, ukirudi hurudi hasa ndani ya miaka miwili ya kwanza, na hakuna anayetaka kuchagua kati ya kemo na mimba ya miezi mitano. Hivyo madaktari wengi husema mwaka mmoja mpaka miwili. Kama hukupewa kemo, muda unaweza kuwa mfupi zaidi. Ukiwa na miaka 39, mwambie daktari wazi kwamba saa yako inakimbia, mpime hatari zote mbili pamoja.

Ukiwa bado kwenye dawa za saratani kama vidonge vya olaparib au dripu ya bevacizumab, usijaribu kabisa, na baada ya kumaliza ngoja angalau miezi 6. Kwa kujikinga, kondomu au koili ya shaba haina homoni; sindano na vidonge viulizie kwanza.

Wakati huu ndio wa kukataa dawa za mitishamba kwa adabu. Mama mkwe alinitumia chupa ya lita tano kwa basi la usiku. Nilimpigia kumshukuru, nikaiweka juu ya kabati, na mpaka leo iko hukohuko. Sijui ilikuwa na nini ndani, na hilo ndilo tatizo: ini na figo zilizotoka kwenye kemo hazihitaji mgeni asiyejulikana. Yale mabango ya "dawa ya uzazi" yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima yaache kwenye nguzo.

Hatua ya 5: Mapimo kabla ya kujaribu

Kabla ya yote, daktari wa saratani akupe ruhusa, kwa maandishi ikiwezekana, baada ya kukupima mwili, damu na picha. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta (KNH), hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, na Aga Khan kule Parklands zote zina kliniki za saratani. Nenda kwa anayekufuatilia siku zote, usianze na mgeni kama unaweza kuepuka. Kisha:

Mwili wote. Cisplatin hugusa figo na masikio. Bleomycin hugusa mapafu. Doxorubicin hugusa moyo, na aliyeitumia afanyiwe picha ya moyo kabla ya mimba, kwa kuwa mimba huuongezea moyo kazi. Pima presha, damu, figo.

Akiba ya mayai. AMH ni kipimo cha damu kinachochukuliwa siku yoyote ya mwezi. FSH, nacho cha damu, huchukuliwa siku za mwanzo wa hedhi, ya 2 mpaka ya 4. Altrasaundi ya kupitia ukeni huhesabu vijifuko vidogo kwenye ovari. Usipime AMH mara tu baada ya kemo ukakata tamaa. Huwa chini sana kisha huweza kupanda. Na ikiwa chini, haimaanishi huwezi kushika mimba kwa njia ya kawaida. Inatabiri zaidi utakavyoitikia sindano za IVF. Kama uvimbe wako ulikuwa wa granulosa (aina ya uvimbe wa ovari unaotoa homoni), AMH yenyewe inaweza kutolewa na uvimbe, basi majibu yasomwe na anayejua hilo.

Mirija. Upasuaji wa tumbo huacha utando unaoshikanisha vitu ndani. Picha ya mirija kwa dawa ya rangi huonyesha kama njia iko wazi.

Mume. Hapa nitasema bila kuuma maneno. Wanawake wametumia akiba yote ya chama kupima matumbo yao, mume hajatoa hata kikopo kimoja. Kipimo cha mbegu ni cha bei nafuu kuliko karibu vyote nilivyotaja, na tatizo la upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto. Apimwe mwanzoni. Akisema "mimi niko sawa, wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa," mwambie daktari anahitaji majibu yote mawili kwenye faili. Wengi hukubali wakisikia ni amri ya daktari.

Anza vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya kujaribu na mpaka wiki ya 12 ya mimba.

Hatua ya 6: Jaribuni, lakini msikae sana

Mwanamke mwingine aliye chini ya miaka 35 huambiwa ajaribu mwaka mzima. Wewe usingoje hivyo. Miezi 6 ikipita bila kitu, nenda kliniki ya uzazi. Kama akiba yako ni ndogo, onana nao hata kabla ya kuanza kujaribu.

Watoto wa kwanza wa IVF nchini walizaliwa mwaka 2006 hapahapa Nairobi, na leo kliniki ni kadhaa. Gharama ya mzunguko mmoja huhesabiwa kwa laki, si kwa elfu, na bima nyingi huacha nje matibabu ya ugumba, hivyo panga kana kwamba yote yatatoka mfukoni mwako. Ukifika, uliza maswali haya: Mmewahi kumhudumia mwanamke aliyetibiwa saratani ya ovari? Mtazungumza na daktari wangu wa saratani kabla ya sindano? Bei mliyonitajia ina dawa, kugandisha na kurudisha kiinitete, au ni ya kutoa mayai tu? Kati ya wanawake wa umri wangu, wangapi wanapata mtoto mkononi? Sisemi "wangapi wanashika mimba". Tofauti ya namba hizo mbili ni chozi la mtu. Kliniki inayokuahidi kwa uhakika, ondoka.

Hatua ya 7: Ukishika mimba

Yangu niliijulia kliniki ya saratani. Nilikwenda kutoa damu ya kawaida ya kufuatilia, na siku tatu baadaye nikapigiwa simu nirudi. hCG ilikuwa imepanda mno. Kwa aina yangu ya uvimbe, hCG ikipanda ni mojawapo ya dalili za ugonjwa kurudi. Ndani ya matatu kutoka Kayole nilishaandika wosia kichwani, nani achukue sofa, nani amtunze mama. Daktari akatazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza: "Uliona siku zako lini mara ya mwisho?" Saa mbili baadaye altrasaundi ilionyesha moyo unaopiga, wiki ya 7.

Ukijihisi mjamzito, basi, mwambie anayekupima kabla ya kutoa damu. hCG ni homoni ya mimba yenyewe. AFP hupanda mimba inavyokua. CA-125 nayo hupanda, hasa miezi mitatu ya kwanza. Vipimo hivyo havitegemeki wakati wa ujauzito. Picha na mikono ya daktari ndivyo vitakavyotumika.

Fanya altrasaundi wiki ya 6 au ya 7, kwa sababu aliyepasuliwa tumbo anapaswa kuhakikisha mimba haijakaa kwenye mrija. Maumivu makali ya upande mmoja au kuzirai kabla ya hapo ni safari ya dharura, usiku uleule. Katika altrasaundi hiyo ya mapema mwombe anayepiga picha atazame na ovari iliyobaki, maana mimba ikikua atashindwa kuiona vizuri.

Dalili za saratani ya ovari na za ujauzito ni ndugu: tumbo kujaa, kushiba upesi, kukojoa kila saa. Usijichunguze usiku ukiwa peke yako. Ziandike, uzipeleke kliniki. Maumivu yasiyokoma, tumbo linalokua kuliko wiki zake, au kukonda wakati unapaswa kunenepa, yapeleke mara moja.

Anza kliniki ya wajawazito mapema. Kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto, hakikisha ukurasa wa historia umeandikwa upasuaji na dawa zako. Muuguzi akiharakisha foleni, mtolee karatasi, mwambie taratibu, "Sista, hii ni muhimu." Hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na michango imelipwa. Chagua kujifungulia hospitali yenye damu, daktari wa nusu kaputi na chumba cha watoto wachanga, kwa kuwa waliopitia kemo huelekea kidogo zaidi kujifungua kabla ya wakati. Kovu la tumbo peke yake halilazimishi upasuaji. Nyumba ya uzazi haikukatwa. Kama uliwahi kupewa bleomycin, mwambie daktari wa nusu kaputi kwa kinywa chako mwenyewe, kwani oksijeni nyingi inaweza kuumiza mapafu yaliyopitia dawa hiyo.

Shangazi zako watauliza kama mtoto atazaliwa na saratani, au kama kemo itamlemaza. Kemo iliyokwisha muda wake kabla ya mimba haijaonekana kuongeza kasoro za kuzaliwa. Saratani haipiti kwenye maziwa. Kunyonyesha hakutegemei ovari, na hata aliyebeba kwa yai la kuchangiwa ananyonyesha. Kinachokataza ni kuwa kwenye dawa za saratani wakati huo.

Hatua ya 8: Baada ya kujifungua

Rudi kliniki ya saratani hata kama unajihisi mzima na mtoto hataki kulala. Waulize lini damu itapimwa, kwa sababu hCG na wenzake huchukua wiki kadhaa kushuka baada ya kujifungua, na kipimo cha haraka kitakutisha bure. Wengine hushauriwa kutoa ovari iliyobaki wakishamaliza kuzaa, hasa wenye kasoro ya BRCA. Jadili hilo kabla ya kuamua idadi ya watoto, na ukipanga wa pili, rudi hatua ya 4.

Ukilemewa na hofu, Faraja Cancer Support hapa Nairobi huwapa wagonjwa wa saratani ushauri nasaha. Nilikwenda mtoto akiwa na miezi miwili, nikiwa silali hata yeye alipolala.

Kliniki yangu ya kwanza baada ya uzazi iliangukia siku ya chanjo yake ya wiki ya 10. Nilipanda matatu saa kumi na mbili asubuhi, mtoto mgongoni, na kwenye mfuko mmoja nikabeba kijitabu chake na faili langu.